Intaneti yageuka televisheni ya vyuo vidogo Marekani

KWA miaka mingi, shabiki wa michezo ya vyuo nchini Marekani aliyeipenda timu ya chuo kidogo alikuwa na njia tatu za kufuatilia mechi zake: kwenda uwanjani mwenyewe, kutega sikio kwenye redio ya mji wake, au kusubiri matokeo katika gazeti la kesho yake. Televisheni ilikuwa ya wakubwa.

Hali hiyo imebadilika. Hivi sasa mechi ya voliboli ya wanawake kati ya vyuo viwili ambavyo majina yao hayajulikani nje ya majimbo yao huonyeshwa moja kwa moja kupitia intaneti, ikiwa na mtangazaji, marudio ya matukio na ubao wa matokeo kwenye kioo. Mabadiliko hayo yameleta manufaa makubwa, lakini pia yameibua swali ambalo halijapata jibu moja: nani alipe gharama za matangazo hayo?

Mfumo wa konferensi

Michezo ya vyuo vikuu Marekani husimamiwa kwa sehemu kubwa na chama kiitwacho NCAA, kilichoanzishwa mwaka 1906. Chama hicho kina wanachama wapatao 1,100, waliogawanywa katika madaraja matatu. Daraja la kwanza lina vyuo zaidi ya 350. Daraja la tatu, lenye vyuo zaidi ya 400, haliruhusu vyuo kutoa ufadhili wa masomo kwa sababu ya kipaji cha michezo.

Vyuo hivyo hujiunga katika makundi yanayoitwa konferensi. Kila konferensi hupanga ratiba yake, hutoa bingwa wake na, kwa kawaida, hujadiliana na vituo vya utangazaji kwa niaba ya wanachama wake.

Tofauti ya kipato kati ya konferensi hizo ni ya mbingu na ardhi. Mwaka 2022 konferensi ya Big Ten ilitangaza mikataba ya miaka saba na vituo vya Fox, CBS na NBC, ambayo thamani yake iliripotiwa kuzidi dola bilioni 7. Konferensi ndogo hazioti fedha za namna hiyo. Kwa nyingi kati yake, jambo la kwanza si bei ya mkataba bali ni kuonekana.

Hukumu ya mwaka 1984

Chanzo cha pengo hilo ni cha muda mrefu. Tangu miaka ya 1950, NCAA ilishika yenyewe haki za kuonyesha mpira wa miguu wa Kimarekani wa vyuo kwenye televisheni. Viongozi wake walihofia kwamba watu wangebaki nyumbani na viwanja vingekuwa vitupu. Kanuni zao ziliweka kikomo cha mara ambazo timu moja ingeonyeshwa. Katika mpango wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, timu haikuruhusiwa kuonekana zaidi ya mara sita katika miaka miwili.

Kanuni hizo ziliwabana wakubwa, lakini ziliwapa wadogo nafasi. Mfano unaokumbukwa ni wa mwaka 1981, wakati mechi ya Oklahoma na Southern California, timu zilizokuwa miongoni mwa tano bora nchini, ilipoonyeshwa na vituo zaidi ya 200. Wikiendi hiyo hiyo, mechi ya Appalachian State na The Citadel ilionyeshwa na vituo vinne tu. Timu zote nne zililipwa kiasi sawa cha fedha.

Vyuo vya Oklahoma na Georgia vilikwenda mahakamani. Juni 27, 1984, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba mpango wa NCAA ulikiuka sheria za ushindani wa biashara. Jaji John Paul Stevens ndiye aliyeandika hukumu hiyo. Miongoni mwa wawili waliopinga alikuwa Jaji Byron White, ambaye katika ujana wake alikuwa mchezaji mashuhuri wa mchezo huo huo.

Baada ya hukumu hiyo kila chuo na kila konferensi vilikuwa huru kuuza mechi zake. Wenye majina walipata wanunuzi. Wasio na majina waligundua kwamba uhuru wa kuuza hauna maana pale ambapo hakuna anayenunua.

Majaribio ya mwanzo

Konferensi ya Mountain West ilijaribu kujitegemea kwa kuanzisha kituo chake cha televisheni mwaka 2006. Kituo hicho hakikufika katika nyumba za kutosha, kwa kuwa kampuni za kebo na setilaiti ndizo zilizokuwa na uamuzi wa kukibeba au kukiacha. Kilifungwa mwaka 2012.

Wakati huo huo, intaneti ya kasi ilikuwa imeanza kuenea. Kituo cha michezo cha ESPN, kilichoanza kurusha matangazo mwaka 1979, kilikuwa na huduma ya mtandaoni iliyopewa jina la ESPN3 mwaka 2010. Huduma hiyo haikuuzwa kwa mtazamaji mmoja mmoja. Kampuni za intaneti ndizo zilizolipa, na wateja wao wakaitazama bila ada ya ziada.

Konferensi nyingine zilianzisha huduma zao zenyewe. Northeast Conference ilifungua ukurasa wake wa matangazo ya bure mwaka 2012. Ivy League, yenye vyuo vinane maarufu kwa taaluma kama Harvard, Yale na Princeton, ilianzisha mtandao wake wa kulipia mwaka 2013. Mwaka 2016 hata Twitter iliingia katika biashara hiyo kwa kuonyesha mechi za konferensi kadhaa za ngazi ya kati.

Mageuzi makubwa yalikuja Aprili 12, 2018, ESPN ilipozindua ESPN+ kwa ada ya dola 4.99 kwa mwezi. Huduma mpya ilihitaji mechi nyingi za kujaza ratiba yake mchana na usiku, na konferensi ndogo zilikuwa nazo kwa maelfu. Mwezi huo huo Ivy League ilitangaza mkataba wa miaka kumi na ESPN, uliohusu matukio zaidi ya 1,100 kwa mwaka. Konferensi nyingine nyingi zilifuata njia hiyo, zikiwamo Big Sky na Southern Conference.

Anayeshika kamera

Jambo ambalo mtazamaji wa kawaida halioni ni kwamba, katika mikataba mingi ya aina hiyo, kampuni ya utangazaji haipeleki gari la matangazo wala mafundi uwanjani. Chuo chenyewe ndicho kinachotengeneza matangazo. Kampuni hutoa jukwaa, jina na wateja. Konferensi huweka viwango, kama vile idadi ya chini ya kamera na muundo wa maandishi kwenye kioo. Kisha chuo hutafuta vifaa na watu.

Kwa sababu hiyo, vyuo vingi vimejenga vyumba vya kuongozea matangazo. Kamera za viwanja mbalimbali huunganishwa na chumba kimoja kwa nyaya, hivyo kikosi kile kile huweza kurusha soka alasiri na mpira wa kikapu usiku.

Wengi wa wanaofanya kazi hiyo ni wanafunzi. Wapo wanaoshika kamera, wanaochagua picha, wanaorudisha matukio na wanaotangaza. Baadhi hulipwa kwa saa, wengine huhesabiwa kama sehemu ya masomo yao. Kwa mwanafunzi wa uandishi wa habari, kutangaza mechi thelathini kabla ya kuhitimu ni mafunzo ambayo zamani yalipatikana kwa bahati tu.

Upande wa pili wa jambo hilo ni mzigo. Chuo chenye bajeti finyu hulazimika kununua kamera, kuajiri mkuu wa kitengo na kuhudumia mechi nyingi kila msimu. Fedha zinazorudi kutoka katika mkataba mara nyingi hazifidii gharama hizo, na hesabu huchukuliwa kuwa ya kujitangaza.

Bure au kwa kulipia?

Mfano mwingine wa biashara hiyo ni kampuni ya FloSports ya Austin, Texas, iliyoanzishwa mwaka 2006. Kampuni hiyo ilianza na mieleka na riadha, michezo ambayo mashabiki wake ni wachache lakini wako tayari kulipia. Mwaka 2019 ilisaini mkataba na Colonial Athletic Association ya daraja la kwanza. Mwaka 2022 ilifika hadi daraja la tatu, ilipoingia mkataba na Landmark Conference, yenye vyuo vya Pennsylvania na majimbo jirani.

Hapo ndipo penye mvutano. Katika daraja la tatu, mzazi amezoea kufungua tovuti ya chuo na kumtazama mtoto wake akicheza bila kutoa hata senti. Mzazi huyo tayari hulipa karo, na mwanawe hapati ufadhili wowote wa michezo. Anapoambiwa alipe ada ya kila mwezi ili aone mechi ile ile, huhisi kwamba anatozwa mara mbili.

Wanaotetea utaratibu huo husema kwamba kilichoitwa bure hakikuwa bure. Chuo ndicho kilicholipia vifaa na mtandao. Ada, kwa maoni yao, huingiza fedha za kununua kamera bora na kulipa vijana wanaofanya kazi. Hoja zote mbili zina uzito, na ndiyo maana konferensi mbalimbali zimeamua kwa njia tofauti. Nyingi za daraja la tatu bado hutoa matangazo yao bila malipo.

Bei nazo zimepanda. ESPN+ iliongezewa ada mara kadhaa, na Agosti 2025 ESPN ilianzisha huduma yake kamili ya mtandaoni kwa dola 29.99 kwa mwezi, huku ESPN+ ikigeuzwa kiwango cha chini kilichopewa jina la ESPN Select.

Walionufaika

Kundi lililonufaika zaidi ni la michezo ambayo haikuwahi kufikiriwa na televisheni: voliboli, mpira wa magongo, kuogelea, na sehemu kubwa ya michezo ya wanawake. Televisheni ya kawaida ina saa 24 tu kwa siku na hulazimika kuchagua. Intaneti haina kikomo hicho. Mechi kumi huweza kuonyeshwa kwa wakati mmoja bila moja kuiondoa nyingine.

Wakati wa janga la corona, mwaka 2020 na 2021, vyuo vingi vilipofunga milango kwa mashabiki, matangazo hayo yalikuwa njia pekee ya familia kuwaona wanamichezo wao.

Aidha, kuonekana huko kuna thamani ya aina yake katika mpira wa kikapu. Bingwa wa kila konferensi ya daraja la kwanza hupata nafasi katika mashindano ya taifa ya mwezi Machi, hata kama konferensi yake ni ndogo kiasi gani. Mwaka 2018 chuo cha UMBC cha Maryland kiliifunga Virginia 74-54, ikiwa mara ya kwanza kwa timu iliyopangwa nafasi ya 16 kuiondoa ya nafasi ya kwanza katika mashindano ya wanaume. Mwaka 2022 Saint Peter's ya New Jersey ilifika robo fainali. Mwaka 2023 Fairleigh Dickinson iliitoa Purdue kwa 63-58.

Mamilioni ya Wamarekani waliziona timu hizo kwa mara ya kwanza usiku huo. Mashabiki wao wachache walikuwa wamezifuatilia msimu mzima, kwa kiasi kikubwa kwenye kompyuta na simu.

Hofu ya mbele

Wakubwa wenyewe wameonyesha kwamba hawaiamini sana njia hiyo. Agosti 2023 konferensi ya Pac-12 ililetewa pendekezo la mkataba ambao ungeziweka mechi zake kwa sehemu kubwa katika huduma ya Apple. Katika siku chache, vyuo vitano viliondoka na kujiunga na konferensi zenye mikataba ya televisheni. Njia ambayo kwa wadogo ni mlango wa kutokea gizani, kwa wakubwa ilionekana kuwa mlango wa kuingilia gizani.

Kuna pia suala la fedha kupungua. Juni 6, 2025, mahakama iliidhinisha suluhu ya kesi iliyoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, pamoja na fidia ya takriban dola bilioni 2.8 kwa wanamichezo wa miaka ya nyuma. Sehemu ya fidia hiyo inatokana na kupunguzwa kwa mgawo wa NCAA kwa konferensi zote za daraja la kwanza, zikiwamo ndogo ambazo hazikushtakiwa. Chuo kinachopunguziwa mgawo hutazama upya kila matumizi, na chumba cha matangazo ni mojawapo.

Kwa Afrika Mashariki, suala hili si la mbali kama linavyoonekana. Vyuo vya Marekani vimewapokea wanariadha wa ukanda huu kwa miongo mingi. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, na Suleiman Nyambui wa Tanzania alisoma Texas El Paso. Familia zao zilipata habari kwa barua na magazeti.

Kijana anayekimbilia chuo kidogo leo huweza kuonekana na ndugu zake akiwa bado mbioni, endapo chuo chake kinarusha matangazo ya wazi. Mechi zilizouzwa kwa ESPN+, kwa upande mwingine, zilikusudiwa wateja walioko Marekani pekee. Hivyo mkataba unaosainiwa na konferensi ndogo ya Marekani ndio unaoamua kama mzazi aliyeko Eldoret au Singida atamwona mtoto wake akikata utepe, au ataendelea kusubiri simu.