Mgeni njoo, mwenyeji apone: vijana na uchaguzi wa kazi

Maoni haya yalisomwa kwanza redioni, katika kipindi chetu cha kila wiki.

Ndugu msikilizaji, ukipanda kutoka Himo kuelekea Marangu Mtoni asubuhi ya siku ya shule, utapishana na makundi ya wanafunzi waliovaa sare za kila rangi. Simama uwaulize wanataka kuwa nani. Majibu yao utayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja: daktari, mwalimu, rubani, mwanasheria, mfanyabiashara. Sasa mwulize yule anayetaka kuwa rubani kama amewahi kuzungumza na rubani hata siku moja. Wenzake watacheka, naye atacheka pamoja nao.

Jambo lenyewe, hata hivyo, si la kuchekesha. Tangu Januari 2024 mtaala mpya umeanza kutumika nchini, na elimu ya sekondari sasa ina mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali. Mtoto anaanza kidato cha kwanza akiwa tayari kwenye njia panda. Akifika kidato cha nne anajaza fomu ya kuchagua tahasusi, yaani zile kombinesheni tulizozizoea za PCM, PCB, EGM, HKL na nyinginezo. Herufi tatu tu, zimeandikwa na kijana wa miaka 16 au 17, nazo zinafunga milango ambayo baadaye kuifungua ni kazi kubwa. Mzazi ameuza ndizi, ameuza ng'ombe, amekopa kwenye kikundi ili alipie masomo hayo. Kosa la herufi tatu linaweza kuimeza jasho ya miaka.

Ndiyo maana baadhi ya shule, huku kwetu na kwingineko duniani, zimeanza kujaribu dawa mpya. Mtaalamu anaketi ofisini kwake, iwe Dar es Salaam, Nairobi au London. Wanafunzi wanaketi mbele ya skrini. Wanazungumza moja kwa moja kwa njia ya video: yeye anaeleza kazi yake, wao wanauliza. Mimi naiunga mkono dawa hiyo. Lakini kabla ya kuipigia makofi, tuitazame historia, kwa sababu swali la kijana wa mlimani atafanya kazi gani ni la zamani kuliko mtandao wa intaneti.

Wazee wa Kichagga hawakuhitaji somo la kuchagua kazi, kwani kazi zote zilikuwa hadharani. Mtoto wa Mamba, jirani kabisa na Marangu, alikua akisikia nyundo za wahunzi. Mifereji ya kuleta maji vihambani ilichimbwa na kusafishwa mbele ya macho ya watoto. Otto Raum, mwana wa mmisionari wa Kijerumani, alitoa mwaka 1940 kitabu kiitwacho Chaga Childhood, na humo alieleza jinsi watoto walivyocheza kwa kuiga shughuli za wakubwa. Mchezo ndio uliokuwa darasa, na mtaalamu alikuwa baba, mama, shangazi au jirani.

Hapo hapo lakini palikuwa na tatizo. Kwa mila, kihamba kilirithiwa hasa na mtoto wa kwanza wa kiume na yule kitinda mimba. Wa katikati alitafutiwa ardhi mahali pengine, na ardhi ilipokuwa nyingi hakuna aliyelalamika. Watu walipoongezeka, huku mashamba ya walowezi yakiziba upande wa chini na hifadhi ya msitu ikiziba upande wa juu, mtoto wa katikati alikosa pa kwenda. Swali la kazi lilianza kumuuma yeye kwanza. Na dada yake hakuwamo hata kwenye hesabu ya urithi.

Majibu yalikuja yakipanda mlima yenyewe. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakaleta shule, na baadaye Marangu ikapata chuo cha ualimu. Basi kijana akaona mwalimu na mchungaji, naye akataka kuwa mwalimu au mchungaji. Kahawa ikastawi. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, kilichorithiwa mwaka 1933 na KNCU. Kijana akaona karani, mpima kahawa na mtunza hesabu, akatamani kalamu na daftari la hesabu. Na tangu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, mlima wenyewe ukawa mwajiri. Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, aliyefariki mwaka 1996, aliheshimiwa katika maadhimisho ya miaka 100 ya safari ile kama mmoja wa waliowaongoza wageni hao. Wajukuu wa Marangu wamebeba mizigo na kuongoza watalii hadi leo.

Je, tunaona nini hapo? Tunaona kwamba kijana huchagua kazi aliyoiona. Kazi ambayo haijapita mbele ya macho yake haimo katika orodha yake, hata kama ana kipaji nayo na hata kama taifa linaihitaji sana.

Baada ya Uhuru, Serikali iliamua kuchagua kwa niaba yao. Ilikuwa na sababu nzuri, maana wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno. Mwaka 1963 ilichapishwa taarifa ya mtaalamu George Tobias iliyokadiria mahitaji ya wataalamu wa Tanganyika kwa miaka ya 1962 hadi 1967. Nafasi za masomo zikapangwa kufuata mahitaji ya taifa, na waliosomeshwa na Serikali wakafungwa na mkataba wa kuitumikia. Kijana hakujisumbua sana na swali la atakuwa nani, kwa kuwa jibu lilitoka wizarani.

Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974. Lilisema kijana amalizaye kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Aende Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, na aje chuoni akiwa na maoni ya wale aliofanya nao kazi. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, hasa kwa wasichana ambao idadi yao vyuoni ilipungua. Yana watetezi wake na yana wapinzani wake. Ila jambo moja siwezi kulinyima sifa: yalimfanya kijana aione kazi kabla hajaisomea.

Miaka ya 1990 mambo yakageuka. Serikali ilipunguza watumishi, mashirika ya umma yakabinafsishwa, na kwa kada nyingi ile barua ya kupangiwa kazi ikaacha kuja. Uchaguzi ukarudi mikononi mwa kijana, lakini maarifa ya kuchagulia hayakurudi pamoja nao. Mimi ni wa rika hilo. Nilimsikia msomaji wa taarifa ya habari kila jioni, nikaijua sauti yake kama ya mjomba. Hakuna aliyeniambia kwamba nyuma ya sauti ile kuna mhariri, fundi mitambo, mtunza maktaba ya kanda, na mwandishi aliyelala mkoani akisubiri simu. Hayo niliyajua nilipokwenda chuoni kusomea stashahada ya uandishi wa habari, wakati herufi zangu tatu zilikwisha kuandikwa siku nyingi.

Sasa turudi kwenye skrini. Taifa hili lina uzoefu wa kufundisha watu walio mbali, na uzoefu huo una mafunzo.

La kwanza linatoka kwetu sisi wa redio. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 wananchi wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana na kuamua la kufanya kijijini kwao: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kuchemsha maji. Wengi hudhani redio ndiyo iliyofanya kazi ile. Redio ilikuwa sehemu tu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kabla ya kampeni, vitabu vikachapishwa, na kila kipindi kilipokwisha mazungumzo ndipo yalipoanza. Leo shule ikiwasha skrini, mtaalamu akazungumza saa nzima, akaaga, na wanafunzi wakarudi kwenye hesabu za logi, hiyo ni sinema. Lazima awepo mwalimu aliyejiandaa, na lazima kuwe na maswali yaliyotungwa kabla na mjadala utakaofuata.

Funzo la pili ni la Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi kwenye jokofu, aliweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu wake, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni: Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mpemba alisimama akamwuliza swali lile lile. Wanafunzi wenzake walimcheka. Mgeni hakucheka. Alikwenda kulipima katika maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Leo wanasayansi wa dunia nzima wanalijua jambo hilo kwa jina la Mpemba, na mpaka sasa wanabishana juu ya sababu yake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji aliyenyamaza haponi. Mgeni yule angeweza kutoa mhadhara wake, akashangiliwa, akaondoka zake. Kilichobadilisha mambo ni swali la kijana, na mgeni aliyekuwa tayari kulichukua kwa uzito. Na kuna jambo jingine ambalo wasimuliaji wengi huliruka. Makala ile ilipotoka, Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori, Mweka, hapa hapa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kukutana na mwanafizikia hakukumfanya mwanafizikia, bali aliingia kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Nawaomba walimu walikumbuke hilo. Tusipime mazungumzo haya kwa kuhesabu ni wangapi wamesema "na mimi nitakuwa kama yule". Kijana anayetoka akisema "kazi ile si yangu, na sasa najua kwa nini" naye amefaidika sana.

Funzo la tatu linahusu gharama. Mwaka 1997 ulianzishwa, kwa msaada wa Benki ya Dunia, mradi wa African Virtual University. Wahadhiri walifundisha kutoka ng'ambo kwa njia ya setilaiti, na wanafunzi wa vyuo vya Afrika, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwamo, waliwaona kwenye skrini na kuuliza kwa simu. Mwanzo huo ulihitaji vyombo vya bei kubwa, na shule ya kata isingeuota. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, hali ilianza kubadilika. Siku hizi simu ya mwalimu mmoja inaweza kufanya kazi iliyohitaji dishi la setilaiti. Lakini bando hununuliwa, umeme hukatika, na wanafunzi 60 hawawezi kutazama simu moja. Shule yenye ukumbi na projekta itafaidi. Ya jirani yake itasikia habari tu. Tusipoangalia, dawa ya kuondoa ujinga wa kazi itaongeza pengo kati ya watoto wa barabara ile ile moja.

Kwa hiyo natoa ushauri wangu kwa wakuu wa shule, wazazi na wale wanaotafuta wafadhili wa vyombo hivi.

Kwanza, tuanze na walio karibu. Hospitali ya Kilema ina wauguzi na wataalamu wa maabara. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ipo Moshi mjini. Chuo Kikuu cha Ushirika kipo. Mweka ipo. Hawa wanaweza kuja kwa miguu yao, wakashikwa mkono. Skrini tuitunzie yule ambaye hayupo mlimani: nahodha wa meli, mtaalamu wa miamba, mhandisi wa mitambo ya gesi.

Pili, wasiitwe wenye tai peke yao. Kama kweli tumeanzisha mkondo wa amali, basi fundi umeme, mchomeleaji na mpishi wa hoteli nao wakae kwenye kiti kile kile. Mwongoza watalii wa Marangu aeleze kazi yake kwa vijana wa Mtwara, nao wajue kwamba kupanda hadi Kibo kunahitaji lugha, elimu ya mimea na huduma ya kwanza.

Tatu, mgeni aseme kweli. Aseme mshahara wa kuanzia ukoje, alisoma miaka mingapi, alikataliwa mara ngapi, na ni kitu gani kinachomchosha. Kijana anayeambiwa mazuri tu anadanganywa kwa heshima.

Nne, msichana aulize kwanza. Katika ukumbi wenye mchanganyiko, mikono ya wavulana huwahi kunyooshwa. Mwalimu anayejua historia ya kihamba hatashangaa, na hataruhusu iendelee.

Kihamba sasa kimegawanywa mpaka kimekuwa ua. Kahawa haimlipii tena kila mtoto karo. Watoto wote wa Marangu leo, wa kiume na wa kike, wa kwanza hadi wa mwisho, wamekuwa watoto wa katikati. Wanachodai kwetu hakizidi uwezo wetu: waone kazi kabla ya kuichagua, na wakiuliza wasichekwe.

Mpaka wiki ijayo, ndugu msikilizaji, nakutakia kazi njema.