Mtindo

Programu nyingi za slaidi huuita mpangilio wa rangi na fonti "mandhari". Napinga. Mandhari ni msitu wa Kakamega utazamwapo kutoka kilima cha Lirhanda. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro anayeandika slaidi zake kwa Markdown, alama nyepesi alizozitoa John Gruber mwaka 2004, anahitaji neno la msusi na la fundi cherehani: mtindo. Maneno yake hukaa katika faili moja, sura ya slaidi katika faili nyingine ya CSS. Katika Marp, programu inayogeuza Markdown kuwa slaidi, faili hiyo ya pili hubeba alama ya @theme na jina alilolichagua mwenyewe. Akishaionyesha Marp faili hiyo na kuliandika jina lake baada ya "theme:" mwanzoni mwa faili ya maneno, slaidi zote hubadilika sura, maneno yakibaki yalivyo.