Kaunda suti

Kadi ya mwaliko ikisema "mavazi nadhifu, tai si lazima", wengi huuliza: jinzi itapita? Kiswahili kina jibu la siku nyingi, nalo ni kaunda suti: koti jepesi kama shati, mifuko ya kubandika, mara nyingi mikono mifupi, na suruali ya kitambaa kilekile. Koti hilo halichomekewi wala halidai tai. Jina ni la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, aliyefariki mwaka 2021. Limezoeleka mno, mwambie fundi "nishonee kaunda", hatauliza ni nani huyo.

Je, ni vazi rasmi? Hapo ndipo penye ugomvi. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku bungeni, akitaka koti, tai na shati la mikono mirefu, ilhali Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akiivaa hadharani. Kwangu mimi, kaunda iliyopigwa pasi ikanyooka inatosha ofisini, harusini na kwenye mahafali. Jinzi iliyochanika magotini haitoshi, hata iwe ya bei mbaya.