Nyumba 18 katika kila 120

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kaunti zinazopakana na Washington, mji mkuu wa Marekani, zilijaa watu kwa kasi, kwa kuwa ajira za serikali kuu ziliongezeka na barabara mpya zikawawezesha wafanyakazi kuishi mbali na kazini. Mabaraza ya kaunti ndiyo yaliyoamua nini kijengwe na wapi, na katika maeneo mengi yaliruhusu nyumba moja tu juu ya kiwanja kikubwa. Kanuni hiyo ilitosha kumweka nje mtu wa kipato cha kawaida, maana aliyetaka nyumba alilazimika kulipia na ardhi yote iliyoizunguka.

Katika kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, hali ilizidi kuwa ngumu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mfumo wa majitaka ulielemewa, uunganishaji mpya ukasitishwa, na viwanja vilivyokuwa tayari kujengwa vikapanda bei. Wapo wanaosema sheria ya nyumba nafuu iliyofuata ilizaliwa na bei hizo. Wengine wanavitaja vita dhidi ya ubaguzi wa rangi, kwa kuwa sheria ya taifa ya mwaka 1968 ilikuwa imepiga marufuku ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba. Naona sababu hizo mbili hazitenganiki: haki ya kununua haikumfaa kitu mtu asiyemudu bei.

Ng'ambo ya mto Potomac, kaunti ya Fairfax ya Virginia ilikuwa imetangulia. Mwaka 1971 iliagiza kwamba mradi wa nyumba 50 au zaidi utenge asilimia 15 kwa wenye kipato cha chini na cha wastani. Wajenzi walikwenda mahakamani, na mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Virginia ikaitengua kanuni hiyo, ikisema kaunti imevuka mamlaka yake na kutwaa mali ya watu bila fidia.

Montgomery iliisoma vizuri hukumu hiyo. Baraza lake lilipitisha sheria mwishoni mwa 1973, mkuu wa kaunti, James Gleason, akaikataa, na baraza likaipitisha tena juu ya pingamizi lake. Ikaanza kutumika Januari 1974. Asilimia 15 ilibaki, lakini mjenzi aliruhusiwa kuongeza hadi asilimia 20 ya idadi ya nyumba. Chukua ardhi iliyopangiwa nyumba 100. Kwa nyongeza hiyo mjenzi hujenga 120. Anatoa 18 kwa bei nafuu, na zinazobaki za kuuza kwa bei ya soko ni 102, mbili zaidi ya alizokuwa nazo mwanzo, na hakununua hata hatua moja ya ardhi. Fidia ililipwa bila kugusa hazina ya kaunti.

Zaidi ya nyumba 10,000 zilijengwa katika miaka 30 ya kwanza. Baadhi ya wachambuzi wanausifu utajiri wa kaunti na wingi wa ujenzi kuliko sheria yenyewe, na hoja yao ina uzito: palipo na ujenzi mdogo, asilimia 15 ni ya kitu kidogo.

Kasoro kubwa ilikuwa muda. Mwanzoni bei ilidhibitiwa kwa miaka 5 tu, na tangu 1981 kwa miaka 10. Baada ya hapo mwenye nyumba aliuza kwa bei ya soko. Hivyo sehemu kubwa ya nyumba hizo ikapotea moja baada ya nyingine, hadi mwaka 2005 muda ulipoongezwa kuwa miaka 30 kwa za kuuzwa na 99 kwa za kupangisha.

Zilizosalimika zaidi ni zile zilizonunuliwa na mamlaka ya nyumba ya kaunti, ambayo sheria iliipa nafasi ya kuchukua hadi theluthi moja ya nyumba nafuu za kila mradi. Humo ziliwekwa familia maskini kabisa, zikitawanywa katika mitaa ya wenye uwezo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto wao waliosoma shule za msingi zenye wanafunzi wachache maskini walifanya vizuri zaidi, hasa katika hisabati, kuliko wenzao waliopangiwa shule zenye umaskini mwingi.