Jivu la Keekee

Nikiwa darasa la sita nilichukua tezo ya babu, fundi wa mashua, nikachimbia mizizi uani. Ikagonga jiwe. Babu hakunipiga. Alikaa chini ya mwembe na kinoo chake, akanoa tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, upande wa ndani tu, ule unaotazama mpini. Mimi kaniweka pembeni nimwagie maji. Alipomaliza akaijaribu kwa kunyoa malaika ya mkono wake.

“Pengo moja hili,” akasema, “limekula chuma cha mwaka mzima.”

Huikumbuka siku ile kila nisomapo historia ya pwani yetu. Vitabu vinatuonyesha mawe: Kilwa, Gedi, Songo Mnara. Sawa, mawe yamebaki. Lakini Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliikuta misikiti ya mbao, tena iliyojengwa kwa ustadi. Iko wapi leo? Ubao huoza, mchwa nao wana njaa. Tukisoma mawe peke yake, tutadhani seremala hakuwepo.

Alikuwepo, tena zamani sana. Periplus, kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki yapata miaka 2,000 iliyopita, kinaitaja bandari ya Rhapta katika pwani hii, na kinasema jina hilo limetokana na mashua za kushonwa. Kati ya bidhaa zilizoletwa huko kinataja mashoka, visu na misharasi, yaani vyuma vyembamba vya kutobolea. Basi jiulize, msomaji: mshona mashua ahitaji nini zaidi ya cha kukatia na cha kutobolea?

Mitepe ya Lamu iliundwa kwa njia hiyo hiyo. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila ya misumari ya chuma. Na ubao haushonwi mpaka utobolewe. Chombo cha kutobolea cha mafundi wetu ni keekee, nami nitakieleza, maana wengi wa rika langu hatujakishika. Chuma chake huchomekwa kwenye mti uitwao msukano. Juu ya msukano kuna kishikio, ndicho jivu, ambacho fundi hukikandamiza kwa mkono mmoja. Mkono wa pili huvuta uta, ambao kamba yake imeuzunguka msukano. Uta ukienda na kurudi, msukano huzunguka, chuma kikala mti. Ukikandamiza mno, kamba inateleza. Ukilegeza, chuma kinacheza juu juu tu.

Mitepe ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, misumari ikatawala. Keekee haikufa. Mti mgumu ukiupigilia msumari bila kuutoboa kwanza, unapasuka. Kwa hiyo mpiga misumari naye aliihitaji. Iliyokuja kuisukuma kando ni mashine ya umeme.

Sina ugomvi na mashine. Hata babu angeipenda, mgongo wake ungeshukuru. Ila keekee aliitengeneza mwenyewe. Kamba ikikatika, alisokota nyingine. Tupa ikiisha meno, aliipeleka kwa mhunzi ikarudi patasi. Kila jioni, hata akiwa hoi, aliupaka msumeno mafuta usile kutu. Elimu hiyo haikuandikwa popote. Ilikaa mikononi, na katika majina.

Babu ameshafariki. Tezo yake ninayo, imebaki fupi kwa kunolewa, na sehemu ya ufupi huo ni deni langu. Mwaka jana nilimuuliza rafiki yangu, fundi hodari wa makabati, kama anajua jivu ni kitu gani.

“Si la jikoni?” akajibu, akacheka.

Nilicheka naye. Usiku sikupata usingizi. Wazee walisema mwana wa mhunzi asiposana, huvukuta. Mimi kuchonga sikujifunza. Basi leo navukuta: msukano, uta, jivu. Yashike na wewe.