Landrova Nayo ni Historia

Usiucheke mkweche. Landrova ilitoka Uingereza mwaka 1948. Chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ni aluminiamu. Kinacholiwa na kutu ni chesesi.

Baada ya Vita vya Kagera, 1978-79, fedha za kigeni ziliadimika nchini, na spea nazo zikaadimika. Gari moja lilichinjwa ili jingine lipone: giaboksi huku, difu kule. Kisichopatikana kilichongwa.

Sisi wa Igwachanya vita hivyo tunavisoma darasani. Lakini magari yalitembeaje miaka ile? Jibu wanalo mafundi wazee, tena hawakuliandika. Mkweche ukiuzwa chuma chakavu, basi tena. Vijana wenye kalamu, twendeni gereji mapema.