Nani Huchora Jimbo? Muleba Kaskazini Kutoka Buganguzi

Kila msimu wa kugawa majimbo unapokaribia, macho ya wananchi huelekea Tume ya Uchaguzi, kana kwamba huko ndiko ramani inakozaliwa. Ukiitazama Kata ya Buganguzi, iliyoko nyanda za juu jirani na Kamachumu na iliyomo katika Jimbo la Muleba Kaskazini, dhana hiyo inayumba. Mstari unaoamua mtu wa Buganguzi ampigie kura mgombea yupi ulianza kuchorwa muda mrefu kabla ya Tume kuwapo, na waliouchora hawakuwa wakifikiria kura hata kidogo. Walifikiria ushuru, kahawa, utii kwa mkubwa na umbali wa kutembea kwa miguu. Tume imerithi vipande vilivyokwisha kukatwa, na kazi yake kubwa imekuwa kuvipanga.

Umbile la nchi lenyewe ndilo lililotangulia. Buhaya, ambamo Buganguzi imo, ni nchi ya migongo ya vilima inayokwenda sambamba na Ziwa Victoria, kila mgongo ukitengwa na mwenzake kwa bonde la majimaji. Watu walijenga juu, kwenye ardhi iliyorutubishwa vizazi kwa vizazi kwa samadi ya ng'ombe. Kibanja, yaani shamba la kaya, kikapakana na kibanja, na migomba ikafunika kijiji kizima. Nje ya migomba kuna rweya, nyasi zisizo na kaya, na huko ndiko kijiji kilikoishia. Kwa hiyo kijiji cha Kihaya kilikuwa na mpaka unaoonekana kwa macho hata kabla ya mtawala yeyote kuutangaza. Juu ya vijiji hivyo walikaa wakungu, na juu yao Bakama, yaani wafalme, wa Ihangiro, Kianja, Kiziba na falme nyingine. Wajerumani walipoingia hawakuzifuta falme hizo, ila walizipunguza na kuzinenepesha kadiri walivyopenda. Kahigi wa Kianja, aliyejua kuwapendeza, alipanuliwa eneo huku majirani zake wakipungukiwa. Waingereza nao wakatawala kwa mkono wa Bakama na kuimarisha ngazi ya gombolola, neno na mfumo vilivyotoka Buganda.

Gombolola ndipo mtu wa kawaida alipokutana na serikali: alilipa kodi hapo, alishitakiwa hapo, aliamriwa hapo namna ya kutunza mibuni yake. Amri za kahawa zilizua ghasia Buhaya mwaka 1937, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 amri za kupambana na fukusi wa migomba zikawasha moto mwingine uliofika Kamachumu na kumpeleka jela Ali Migeyo, mmoja wa waasisi wa harakati za uhuru Bukoba. Siasa ya upinzani ilikuwa imeshiba tayari wakati sanduku la kura halijafika. Lilipofika, katika uchaguzi wa 1958 na 1959, lilikuja na majimbo 10 tu kwa Tanganyika nzima, kila moja likiwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Mpiga kura alilazimika kuwapigia wote watatu, tena awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Jimbo pana kama mkoa halikuwa na haja ya kujua Buganguzi iko wapi. George Kahama, aliyepanda kisiasa kutoka umeneja mkuu wa Bukoba Native Cooperative Union, aliwakilisha wakulima wa kahawa kuliko eneo lolote lenye mipaka.

Kiti cha mbunge kilianza kushuka kuelekea kijijini mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Majimbo yalikuwa 107, na katika majimbo mengi wagombea wawili wa TANU walishindana kwa alama za jembe na nyumba. Hapo ndipo serikali ilipohitaji vipande vidogo vya kugawia nchi, ikavichukua vile vilivyokuwepo. Utawala wa machifu ulikuwa umefutwa kisheria mwaka 1963, lakini kufuta cheo cha chifu si kufuta njia ya kwenda kwake. Mipaka mingi ya zamani ilibaki chini ya majina mapya ya tarafa na kata. Katika miaka ya 1970 Muleba ilikatwa kutoka Wilaya ya Bukoba, na mwaka 1979 Mkoa wa Ziwa Magharibi ukawa Kagera. Kufikia uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, Muleba ilikuwa na majimbo mawili, Kaskazini na Kusini.

Sasa tuisome sheria. Ibara ya 75 ya Katiba inaipa Tume mamlaka ya kugawa majimbo baada ya kupata kibali cha Rais, na inaitaka ichunguze mgawanyo angalau kila baada ya miaka 10. Inaitaka pia izingatie mawasiliano na hali ya kijiografia. Katika utekelezaji kuna kanuni nyingine yenye nguvu zaidi: kata haipasuliwi katikati, na jimbo halivuki mpaka wa halmashauri. Maana yake ni kwamba anayeunda kata ameshaunda nusu ya jimbo. Na kata haiundwi na Tume. Pendekezo hupanda kutoka mkutano wa kijiji hadi baraza la madiwani, kisha kamati za ushauri za wilaya na mkoa, hadi TAMISEMI. Vikao hivyo huhudhuriwa kwa uvivu, na wengi hudhani vinazungumzia zahanati na ofisi ya mtendaji tu.

Atakayepinga hoja hii atataja Nkenge na Kyerwa, na ana haki. Nkenge ilikuwa na mbunge wake kabla Wilaya ya Missenyi haijamegwa kutoka Bukoba Vijijini, na Kyerwa ilikuwa jimbo kabla ya kuwa wilaya mwaka 2012. Huko jimbo lilitangulia, wilaya ikafuata. Hata hivyo mifano hiyo inanisaidia zaidi ya kunidhuru. Majimbo hayo mawili yaliundwa kwa kata zilizokuwepo, na baada ya kupata sauti bungeni yakadai wilaya. Mpaka wa utawala na mpaka wa kura hulishana. Aliye nje ya mmoja hukaribia kuachwa nje ya mwingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mbona tusihesabu vichwa tu? Sensa ya 2022 iliikuta Muleba na watu 637,659, yaani takriban 319,000 kwa kila mbunge. Manispaa ya Bukoba, yenye watu wasiofika 150,000, ina mbunge wake. Zanzibar yenye watu wapatao milioni 1.89 ina majimbo 50, sawa na watu 38,000 hivi kwa kiti. Zanzibar ina hoja ya Muungano, na hiyo ni mada yake. Bukoba Mjini haina hoja hiyo. Kwa hesabu kavu, kura ya mtu wa Buganguzi ina uzito usiofika nusu ya kura ya jirani yake wa Bukoba. Hilo ni kosa la kanuni ya halmashauri, maana manispaa haiwezi kuongezewa kata za vijijini hata kama ziko mlangoni pake.

Lakini hesabu peke yake nayo ingekosea. Zaidi ya nusu ya eneo la Wilaya ya Muleba ni maji. Bumbire, Goziba, Kerebe, Ikuza na Mazinga ni visiwa vyenye wapiga kura wanaofikiwa kwa boti, tena wengi wao wavuvi wanaohama mwalo mmoja hadi mwingine kufuata dagaa na sangara. Ukivigawa kwa idadi ya watu bila kuangalia usafiri, utapata mbunge asiyefika huko ila wakati wa kampeni. Hapa ndipo Katiba ilipofanya busara kutaja jiografia kwa jina.

Wengine wataogopa kwamba kuheshimu mipaka ya kale ni kufufua Ihangiro na Kianja. Hofu hiyo ina msingi, ila inakosea shabaha. Mpaka wa zamani unaostahili kuheshimiwa ni ule ulioandikwa na bonde na rweya, kwa kuwa bado unaamua mtoto anasoma wapi na mgonjwa anapelekwa wapi. Ule uliochorwa kumzawadia Kahigi hauna cha kudai leo.

Vigezo vilivyotangazwa na Tume kabla ya uchaguzi wa 2025 viliweka wastani wa watu 400,000 kwa jimbo la vijijini na 600,000 kwa la mjini, na majimbo ya nchi yakafika 272. Kwa kipimo hicho Muleba haitapata jimbo la tatu hivi karibuni. Kinachoweza kubadilika ni mpangilio wa kata kati ya Kaskazini na Kusini, na idadi ya kata zenyewe. Diwani wa Buganguzi na wenzake wanaweza kuanza na jambo moja lisilohitaji kibali cha Rais: kuweka mezani, katika baraza la kawaida la halmashauri, ramani ya kata inayoonyesha mabonde, barabara na mialo, badala ya orodha ya majina.